Jina Lililomnyamazisha Mwanangu

Jumanne, 3 Februari

Sare kumi na moja bado. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na akina mama wote wa Busia wamekumbuka leo kwamba watoto wao wamekua. Kitambaa cha kijani kimeisha. Nimemtuma mume wangu, Opendi, avuke mpaka kwenda upande wa Kenya aniletee kingine.

Mwanangu analia tangu asubuhi. Miezi mitatu tu, na sauti ya dalali wa mnada. Mwili una joto. Nimempa dawa ya homa, nikamfunga mgongoni, nikaendelea kushona. Jirani yangu anayeuza mitumba ananicheka, eti nimezaa king'ora.

Jumatano, 4 Februari

Kilio hakijakoma. Si cha njaa, hicho nakijua. Hiki ni kirefu, chembamba. Nikimbeba anazidi, nikimlaza anapunguza. Mtoto gani huyu anakataa kubebwa? Ananyonya kidogo, anatapika. Gauni langu lote limelowa.

Nilitaka kumpeleka hospitali mchana. Opendi akasema tungoje, mama yake anakuja kesho kutoka kijijini, Tororo. Nikakubali. Sijui kwa nini. Najua: sare.

Alhamisi, 5 Februari

Mama mkwe amefika na kuku na mtama. Alimtazama mtoto tu, hata paji la uso hakuligusa. "Hii si ugonjwa," akasema kwa Kiswahili chake cha kijijini. "Huyu nalia jina."

Kwao mtoto ambaye hajapewa jina la mmoja wa waliokufa hulia mpaka alipate. Huitiwa marehemu mmoja mmoja, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mimi nimezaliwa upande wa Kenya. Nilimwita Baraka, na tangu siku ile wananiambia hilo si jina, ni salamu.

Saa kumi tulikaa mkekani. Mama mkwe akampakata, akaanza kuita. Othieno. Kilio. Owere. Kilio. Watu ambao hata Opendi hawajui. Alipofika kwa Ofwono, marehemu baba mkwe wangu, kilio kikakatika. Kimya. Mama mkwe akapiga vigelegele. Opendi akatoka nje kufuta machozi.

Hata mimi nilifurahi. Acha niandike ukweli. Nilifurahia ule ukimya kuliko jina. Nimeshona sare mbili bila kusimama.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika wodini. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni.

Asubuhi Ofwono alikuwa amelala tu. Mama mkwe akasema babu yake naye alikuwa mtu wa usingizi. Tukacheka. Alikuwa hajanyonya tangu jana jioni. Nepi kavu. Nilimtia ziwa mdomoni, maziwa yakamtoka pembeni. Nikasema amechoka. Mimi, mama yake, nilisema hivyo.

Saa nne nikamvalisha kofia tukamwonyeshe kwa majirani. Nilimshonea mwenyewe, kipimo chake nakijua. Haikukaa. Nikapapasa utosi. Siku zote hapo pana kibonde kidogo kinachodunda. Leo palikuwa pamejaa, pamevimba. Nikamwita. Nikamfinya wayo. Hakulia.

"Mwache napumzika," mama mkwe akasema. Nilimnyakua. Nilitoka pekupeku. Degedege lilimshika tukiwa juu ya bodaboda.

Jumapili, 8 Februari

Tororo, wodi ya watoto. Walitutuma huku usiku uleule wa Ijumaa. Wamemchoma sindano mgongoni, maji yakatoka na ukungu. Homa ya uti wa mgongo.

Daktari aliniuliza alinyamaza lini. Hakuanza na alilia lini. Nikasema Alhamisi, saa kumi jioni. Najua hata dakika. Akaandika. Akasema kule kulia zaidi akibebwa kulikuwa dalili tayari, na mtoto mgonjwa akiacha ziwa na kunyamaza, hapo hungoji hata saa moja. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Kadi ya kliniki ina picha za dalili hizo zote. Mtoto asiyenyonya. Anayetapika kila kitu. Mwenye degedege. Asiyeamka. Imekaa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nyuma yake nimeandika kipimo cha kiuno cha mtoto wa mtu mwingine.

Jumatano, 11 Februari

Anapumua. Sina zaidi.

Namchukia mama mkwe. Namchukia Opendi. Halafu nakumbuka kwamba nilifurahi, na chuki yote inanirudia mimi. Mama mkwe amekaa sakafuni kando ya kitanda, hali chakula. Jana alianza kuita tena kwa kunong'ona, Ofwono, Ofwono, amrudishe. Nikamwambia anyamaze. Sijawahi kusema naye hivyo. Akanyamaza.

Jumamosi, 21 Februari

Amenyonya. Kwa nguvu, mpaka ikaniuma. Nimelia kama mjinga mbele ya wodi nzima.

Alhamisi, 12 Machi

Nyumbani. Cherehani ina vumbi, wenye sare walishonewa kwingine. Ofwono ananenepa. Akiona uso wangu anacheka.

Asubuhi sufuria liliniponyoka, likaanguka sakafuni karibu naye. Kuku waliruka mpaka nje. Yeye aliendelea kutazama vidole vyake. Nikaliokota. Nikaliangusha tena.

Daktari alikuwa ametuambia tumrudishe apimwe masikio, kwamba ugonjwa huu ukiondoka huweza kuacha kitu nyuma. Tunaenda kesho asubuhi. Hatumngoji mtu.

Mama mkwe yuko mlangoni, anapepeta mtama. Bado hajui. Kila baada ya muda anageuka na kumwita mjukuu wake kwa furaha, Ofwono, Ofwono. Sikumwambia anyamaze. Nimemgeuza mtoto tu, ili amwone bibi yake.