Ijumaa Tuliyotafuta Mtandao Newala

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifunza kwamba mtu haanzi maneno na mkubwa wake kabla ya kumwamkia.

Juzi nilikuwa Masasi kikazi. Muuguzi mwenzangu alipiga picha jicho la mgonjwa kwa simu yake, akaituma kwa daktari Dar es Salaam, na jibu likarudi kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Hakuna aliyeshangaa. Ni mimi tu. Nilikukumbuka wewe na ile Ijumaa yetu.

Barua ya chuo cha uuguzi ilikuwa imechelewa njiani kwa sababu ya mvua. Ilinifikia Alhamisi jioni, nayo ilisema maombi yangu yawe yamefika kwao kwa baruapepe kesho yake kabla ya saa kumi alasiri. Mama aliposikia alikaa chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, maana nilikuwa nabangua korosho mafuta ya maganda yakaniunguza vidole. Ni wewe tu uliyesema, "Mama Neema ana kompyuta. Kesho asubuhi tutamwomba."

Mama Neema, yule mama wa mradi wa maji aliyepanga chumba kwetu, hakusita. Alileta kompyuta mpakato yake na kile kikadi cha modemu cha kuvutia mtandao, ambacho sisi tulikuwa hatujawahi kukiona. Alitoa laini kwenye simu yake, akaipachika ndani ya kadi, kisha akaisukuma kadi ubavuni mwa kompyuta mpaka ikalia tak! Kitaa chake kikawaka chekundu.

"Hapa nyumbani mtandao haushiki," akasema. "Twendeni kule ukingoni, kuna uwazi."

Tukaenda mpaka pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini. Kitaa kikawa kijani, tukashangilia. Mama Neema akatazama kioo, akaguna. "Jamani, huu ni mtandao wa Msumbiji!" Kabla hajachomoa kadi, vocha yote ilikuwa imemezwa ng'ambo. Wewe ulicheka mpaka ukashika kiuno. Ukasema Msumbiji wametusikia kabla ya Dar es Salaam.

Tukarudi mjini, tukanunua vocha nyingine, tukaomba kukaa barazani kwa fundi cherehani karibu na mnara. Hapo mtandao ulishika, ila betri ilikuwa imebaki kidogo na mtaa mzima hauna umeme. Mama Neema alianza kuniandikia, kidole kimoja kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Ulimsikiliza kidogo, ukasema kwa upole, "Mama Neema, niachie mimi. Nilikaa na taipureta ya ushirika miaka mingi, mpaka walipotupunguza kazini."

Mstari wa kwanza ulitoka herufi tupu zisizo na maana. Nilicheka, nawe ukacheka. Kisha ukaniambia, "Somoe, weka kidole changu cha mwisho cha kushoto kwenye A." Nikakiweka. Nilidhani ni kwa sababu vitufe vilikuwa vidogo kuliko ulivyovizoea. Baada ya hapo vidole vyako vilikimbia kama mvua kwenye bati, na uso wako ulitazama barabarani. Fundi aliacha kushona akatutazama. "Mzee haangalii hata chini!" akasema. Nami nilijivuna, Mjomba. Nilijivuna kwelikweli.

"Nisomee," uliniambia kila ulipomaliza aya. Nikasoma. Ukarekebisha. Pale nilipotaka kuandika kwamba nataka uuguzi kwa kuwa ni kazi nzuri, ulikataa. "Andika ukweli. Andika kwamba ulimhudumia bibi yako mpaka mwisho na hukuchoka."

Barua iligoma kwenda mara mbili. Mara ya tatu Mama Neema aliinua kompyuta juu kwa mikono miwili kana kwamba anaupa mnara wenyewe, na maneno yakatokea kwamba imetumwa. "Imekwenda?" ukauliza. "Imekwenda, Mjomba." Ukasema Alhamdulillahi, ukanishika bega, na hukuliachia mpaka nyumbani. Nilidhani ni furaha.

Nilipokubaliwa, ulinisindikiza stendi. Basi lilipoondoka nilitoa kichwa dirishani nikakuona unapunga mkono, umeelekea basi jingine kabisa. Nilicheka peke yangu. Nikasema, mjomba wangu anazeeka.

Niliporudi likizo baada ya mwaka, nilikukuta unatembea kiganja kikiwa ukutani. Nilikupeleka hospitali siku ileile. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tungekuja mapema, dawa ya matone ingeweza kukilinda kilichokuwa kimebaki. Njiani nilikufokea, mimi mtoto wa dada yako, mbele ya watu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda chuo?"

Nilikushika mkono, tukaendelea kutembea.

"Basi," ukasema, ukaniuliza kama nimekula.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Ungeweza kuniambia nibaki nikuongoze njia, na hakuna ambaye angekulaumu, hata mimi nisingelaumu. Nilimaliza masomo, nikaomba kazi hapahapa Newala, nikakuwekea matone ya kushusha presha ya macho asubuhi na jioni, nikakusomea magazeti ya zamani hata matangazo ya vifo. Lakini sikuwahi kukushukuru. Kila nilipotaka kufungua mdomo, hasira ilitangulia. Uliondoka masika iliyopita, mkono wako ukiwa mkononi mwangu, na neno lile bado sijalitoa.

Siku hizi mtu mzima akija wodini kwa homa tu, kabla hajaondoka namwomba azibe jicho moja kisha jingine, aniambie anaona nini. Wengine hunicheka. Wawili nimewapeleka kwa daktari wakati bado kuna cha kuokoa. Mmoja wao ni babu mkali wa Chiwata, ambaye alikuwa ameificha hali yake ili mwanawe asiache kazi mbali. Nilimkalisha, nikamweleza habari zako zote. Akalia, nami nikalia, ndipo hasira yangu ikaisha.

Asante, Mjomba. Asante kwa kunichagulia njia yangu, ukijua yako utaitembea peke yako. Ulinificha, nami nimekusamehe. Nilikuwa na macho mawili mazima, nilikaa ubavuni kwako, na sikuona. Nawe nisamehe.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema.

Mpwa wako,
Somoe