Korongo Katika Shamba la Mahindi

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Dabani, kwenye tope la mvua za kwanza. Leo mimi na watalii wenzangu tuliwafuata korongo wenye taji hadi shambani kwa mama mmoja, tukawakuta wakifukua mahindi aliyopanda jana. Kiongozi wetu alimsihi asiwafukuze kabla hatujapiga picha.

"Dada, wewe umesoma," mama akaniambia. "Ongea na ndege yenu wakule majani!"

Korongo walipoondoka, nilipiga magoti nikapanda naye upya hadi mbegu zikaisha. Kisha akatupikia kuku, maana wageni humlipia chakula. Aliposikia kwamba wengine watakuja kesho, alitabasamu. Nilidhani ni furaha, kisha nikadhani ni adabu tu, na sasa sijui kama ujio wetu unamfaa. Wewe uliyelima maisha yako yote, shangazi, ungeutambua uso ule.

Mungu akutunze,
Nafula