Kwako Mama Anastazia wa Sepuka, Uliyewafungulia Mlango Akina Mama wa Njaa

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile tulipokuita ukanyamaza. Kichomi kilikuchukua katikati ya palizi, na uwele uliouacha umefika magotini tuliumalizia wenyewe, bila wimbo.

Nyumba yako imetulia mno. Wageni wanasema ni safi, imefagiwa vizuri. Hawajui kwamba ulipokuwepo hapakuwa na mahali pa kupitisha ufagio, maana kila pembe ililaliwa na mtu.

Mwaka ule wa njaa ya Ugogo, akina mama walikuja kwa barabara ya Dodoma, wakapita Ikungi, wakakata njia ya huku kwetu. Watoto wao walikuwa mgongoni wamelegea, hata kulia hawawezi. Sisi tuliona wakimbizi. Wewe, kwa kuwa ulikuwa mkunga, uliona matiti yaliyokauka. Ulipika uji mwepesi wa uwele, ukautia tone la samli, ukampa mama kwanza, kidogo kidogo, mtoto akingoja. Selina, aliyekuwa bado mdogo, alikuuliza kwa hasira mbona mtoto anaachwa. Hukuinua macho kwenye chungu.

"Chakula chake kiko kwa mama yake. Huyu akikauka, utamnyonyesha wewe?"

Tulicheka, na mama mmoja aliyekuwa hoi ukutani akacheka nasi. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kusikia sauti yake.

Aliyejifungua hakuruhusiwa kushika mtungi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Hiyo ilikuwa amri yako, na mgeni hukumtenga. Maji tulichota sisi wanao. Dina aliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu alikuta kitanda chake kina mzazi na mapacha.

"Shikamoo, Mama. Sasa mimi nilale wapi?"

"Marahaba. Umesoma, tafuta."

Jambo moja tu ulikatazwa. Kwetu, mahali kondo la nyuma la mtoto linapozikwa ndipo kwao, na hakuna wa kumwondoa. Kwa hiyo Baba Mdogo Mughwai, ndugu yake Baba, alisema wageni uwalishe, uwatibu, lakini wazalie kwenye kibanda nje ya boma. Ulimtii. Uliwazalisha huko nje, ukiwakinga upepo kwa mgongo wako.

Kisha akaja Nyemo, peke yake, uchungu umeshamshika mlangoni. Kipupwe kilikuwa kinapiga mpaka ng'ombe wamejikunyata. Ulimtazama, ukatazama kibanda, ukamwingiza ndani kwako. Mtoto alipotoka ulimviringisha kaniki yako mpya, na kondo ukalizika nyuma ya nyumba, pale yalipo ya kwetu. Hukuzunguka, hukumficha mtu.

"Shemeji, unajua ulichofanya?" Baba Mdogo akakuuliza. "Umetupandia mtu humu."

"Nimempanda, shemeji. Wewe usimng'oe tu."

Jina ulimchagulia mwenyewe, Melkizedeki, yule kuhani wa Biblia asiyetajiwa ukoo. Ulisema huyu ameingia duniani bila kuulizwa ukoo wake, na abaki hivyo. Baba aliporudi kutoka mgodini Sekenke alikwenda nyuma ya nyumba, akapatazama, akarudi akauliza kitu kimoja: "Mtoto hajambo?"

Mvua ziliponyesha, wageni walirudi Ugogo mmoja mmoja. Nyemo aliondoka wa mwisho, mwanawe mgongoni. Ulimsindikiza mpaka njia panda, ukabaki umesimama hata baada ya vumbi lake kutua.

Na hapo ndipo tulipoanza kukuona mpweke, Mama. Baba Mdogo alikuwa amewakataza wake za ukoo wasikuite tena kwenye uzazi. Jioni ulikaa kizingitini, kikapu chako cha ukunga miguuni, wembe umeshachemshwa, umevikwa kitambaa. Ukisikia hatua ulinyanyuka. Hatua zilipita. Ulikuwa unasema, "Labda wamejifungua salama," kisha unaingiza kikapu ndani. Hata siku ya kukuzika, akina mama wa ukoo uliowazalisha walisimama mbali, wanamtazama Mughwai kwanza ndipo walie.

Juzi tulisikia hodi. "Mbukwa!" Salamu ya Kigogo, sauti tunayoijua. Alikuwa Nyemo, amenenepa, amebeba kibuyu cha samli kichwani, na mtoto anatembea mwenyewe. Alikuwa hajapata habari.

"Mama yuko wapi? Nimemletea mtu wake."

Tulimpeleka kaburini. Aliweka kibuyu chini, akaketi kando ya kaburi mpaka mtoto akachoka kumvuta nguo. Kisha akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. "Kwenu ni hapa," akamwambia. Mtoto akachuchumaa, akaanza kuchezea udongo.

Baba Mdogo alifika tulipokuwa tunaandaa maneno haya. "Andikeni mnavyotaka," alisema, "ila mtoto huyo asiwemo. Jina likishasomwa kati ya wana, kesho ataomba shamba." Tulimgeukia Baba. Alianza kutaja majina yetu, kuanzia mkubwa, nasi tukaandika alivyotaja.

Unakumbukwa na mumeo Damiani. Dada yako Esta wa Ikungi. Mgeni wako Nyemo wa Ugogo. Na wanao Dina, Samweli, Selina na Melkizedeki.

Baba Mdogo Mughwai hakukubali jina lake likae katika orodha moja na hilo la mwisho. Tunamheshimu, hatukuliweka.

Kikapu chako kiko kizingitini, Mama. Hatutakusahau, wala hodi ya mtu haitapita mlango wako.

Sepuka, Singida, 1955