Mashine Imesimama, Kisu Hakikati

Mama yangu uliyelala Nkowe,

Shikamoo. Leo nakuandikia kwa majivuno, na usinikemee. Nimeshinda!

Unaikumbuka mashine ya kubangulia korosho ilipofika kutoka Nachingwea, imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda? Tuliifungua yote tukaiosha, tukaifunga tena, tukajipaka majivu mikononi mafuta ya maganda yasituunguze. Ukavuta mpini. Korosho ikapita nzima. Ya pili, nzima. Ukaitia mashine mafuta, ukaihamishia kivulini, mwisho ukaisomea dua, ukasema:

"Hee! Hii imelogwa hii!"

Kumbe kisu kimoja tulikirudisha kichwa chini. Miguu imara, mpini unakwenda, ila pale pa kukatia hapakati. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa mikono ya majivu.

Sasa sikia kazi yangu ya maabara huku Dar. Bakteria wengine wana kimeng'enya, yaani protini inayoibangua dawa ya jamii ya penisilini kabla haijawaua. Daktari alituambia vijidudu vya kidonda chako vimeizoea dawa, na sindano ziliingia bure. Mama, hilo bado linaniuma. Ndiyo maana nilitaka kujua kisu chao kiko wapi.

Kimeng'enya ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja, wenye kijishimo ambamo dawa huingia ikakatwa. Humo nilibadilisha asidi amino moja tu. Nilitoa serini, nikaweka alanini. Kikaacha kukata. Nikaruka kwa furaha, lakini msimamizi wangu hakushangilia.

"Umekibomoa chote, binti. Kilichobomoka hakitufundishi kitu. Nithibitishie kwamba bado kimesimama imara, la sivyo kazi hii tunaiacha."

Nilikonda, mama. Miaka yangu yote ya masomo ilikuwa humo, na wewe ulikuwa humo. Nikakipasha moto polepole, kikahimili joto lilelile ambalo kile cha asili hulihimili; kingekuwa kimebomoka kingelegea mapema. Nikapiga picha ya umbo lake kwa eksirei, nikakuta mikunjo ileile, kijishimo kilekile. Dawa iliingia vizuri tu. Mashine imesimama, ila kisu hakipo! Ile serini ndiyo makali yenyewe, na sasa tunajua pa kuziba ili dawa isikatwe.

Msimamizi aliitazama picha ile, akavua miwani. "Umeniweza, mtoto wa Nkowe." Nikapiga kigelegele mlemle ndani, wenzangu wakadhani kuna harusi.

Msimu wa korosho nitakuja kupalilia kaburi lako na kukusomea dua. Ila hili siwezi kulingoja hadi msimu. Siku ile ulinuna korosho ilipopita nzima. Jana, mbele ya wakubwa wote wa idara, nilikitilia dawa kile kimeng'enya nilichokibadilisha, tukasubiri, tukapima.

Imepita nzima, mama. Nzima!

Bintiyo, mbanguaji mwenzio