Bapanya Batoka kwa Shimo

Jumatatu, 6/3/2023

Leo, somo kwa darasa ya sixième: muntu na munyama. Niliandika kwa tablo — muntu anajiuliza «juu ya nini?», munyama hapana. Batoto banakili.

Mangaribi bwana yangu Albert alipiga simu toka Misisi, kwa machimbo. Motere ya kuvuta maji imefika kwa shimo yabo! Anafurahi sana. Tangu bamewasha, bapanya bote ba shimo batoka. Bale hakuna mwenye anabaua. Bachimbaji banabaachia bugali kidogo mule ndani, juu bapanya bakitoka, bantu nabo banatoka. Ni desturi yabo tangu zamani.

— Na ninyi mulitoka?

Akacheka. Panya inakimbia makelele tu, anasema. Na mi nikasema ndiyo, ni makelele.

Jumanne, 7/3

Mvua. Divine aliuliza kwa darasa: Madame, munyama akijiuliza, sisi tutajua namna gani? Nikamuambia akae.

Nikakula sombe, majani ya muhogo. Kulala.

Jumatano, 8/3

Fete ya bamama. Défilé ya bamama bote, pagne mupya. Nikiwa kwa mustari, Darius, mudogo ya Albert, akapiga simu toka shimo. Shimo imeanguka. Bantu bane bako chini. Albert iko mumo.

Nikaendelea kutembea. Bamama banaimba, na mi nikaimba. Sikulia. Nangojea machozi, haikuji. Jamani, niko muntu gani?

Alhamisi, 9/3

Lulimba, njiani kuenda Misisi. Pikipiki imekwama kwa matope, mwenye kuniendesha anatafuta bantu ba kusukuma. Nimekaa kwa jiwe. 

Darius tena kwa simu. Kuko mwenye anagonga chini! Banasikia, kabisa. Lakini maji inapanda. Bakiwasha motere, maji itashuka — na udongo inatetemeka, sehemu ya shimo yenye ilibakia itaanguka. Bakiacha, maji itabafikia. Patron, mwenye shimo, anasema bawashe. Bachimbaji bazee banakatala. Banagombana pale juu ya shimo.

— Shemeji, we ni mwalimu, tena ni bwana yako. Sema, tuwashe ao tuache?

Nikauliza kama bapanya barudi. Hata moja, anasema.

Basi. Muntu ndiye anajiuliza «juu ya nini?». Niliandika mwenyewe kwa tablo.

Telefone iko kwa goti, naandika. Nasikia bantu banalalamika kule, nasikia Darius anapumua.

— Shemeji, uko?

Niko.