Jina Lako Kivukoni Kamanga

Kamanga, Sengerema
17 Agosti 1985

Mpendwa mdogo wangu Luhaga,

Pokea salamu za dada yako. Najua ungeniamkia kwanza, kwa hiyo marahaba, nimeitikia. U hali gani, na mkeo, na watoto? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao haujanipa nafasi tangu tulipovuna pamba. Mvua hakuna, na sabuni haipatikani hata kwa kujuana.

Juzi tulisikiliza redio pale kivukoni, watu wamejaa mpaka majini. Chama kimemtaja mgombea wake wa urais, na si wewe. Pole. Lakini nikuambie kweli, moyo wangu ulitua, maana sasa naweza kukuandikia mambo niliyokatazwa kuyaandika.

Hujui jina lako lilivyotembea huku. Tangu ilipojulikana kwamba Rais atang'atuka, abiria waliosubiri pantoni hawakuwa na kazi nyingine ila kubashiri. Walikuwa wakiugawa urais kama mafungu ya samaki: huyu mgonjwa, yule ana maneno mengi, yule mwingine kabila lake kubwa mno. Mwisho walifika kwako kila mara. Walisema naibu waziri kijana, msomi, ambaye kwao hata bati hawajaezeka, ndiye hasa Chama kinamtafuta. Niliwaambia kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimkimbia bata. Walicheka, wakaendelea.

Kosa lilifanywa na Baba. Mwezi wa sita, baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vilikuja kushindana uwanjani kwetu, na Nkwabi, manju wa kikundi kimoja, akakutungia wimbo. Alikuita fahali atakayekunywa maji wa kwanza, wengine wakisubiri nyuma. Baba alisimama akalia mbele ya watu wote, kisha akawapa ng'ombe, yule dume mwekundu. Baba huyo huyo tunayemjua, ambaye akikupa kuku anakukumbusha mwaka mzima! Wimbo ukavuka ziwa. Haukupita muda nikausikia Mirongo, kule mjini, na mtu wa Buhongwa akaniambia huko kwao hata watoto wanauimba.

Ndipo wakaja wanaume wawili kutoka mjini, wamevaa kaunda suti. Walitaka kujua jambo moja tu, yule ng'ombe alinunuliwa na nani. Walisema katika Chama mtu haombi urais kwa ngoma, anayefanya hivyo ana uchu wa madaraka, na wenye uchu wanajulikana wanakopelekwa. Baba aliapa kwamba dume huyo alizaliwa zizini kwake. Wakamjibu kwamba mzee mwenye shati la viraka hatoi ng'ombe kwa ajili ya wimbo kama hakutumwa na mtu. Wakavuka naye.

Walimrudisha baada ya siku kadhaa. Alisema hawakumpiga, lakini alikuwa hanitazami usoni, na alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Walimtaka aseme kwamba wewe ndiye uliyemtuma, akakataa mpaka sauti ikamkauka. Aliniapisha nisikuite nyumbani kabla Chama hakijaamua. Alisema ukionekana tu kwenye pantoni watu watajipanga barabarani na ngoma, na wale wawili watakuwa wamepata walichokitafuta, na wewe utakuwa umekwisha. Nikamwuliza, hata kwa ugonjwa wake? Akasema hata kwa huo. Nikamwuliza, na kwa msiba je? Akasema hasa kwa huo.

Luhaga, kama umesimama, kaa chini. Baba hatunaye. Alifariki mwezi wa saba, asubuhi, nikiwa nimemshikia kikombe cha uji. Tulimzika siku ile ile kando ya Mama, katekista akasali haraka. Sanda hatukupata, maana kibali cha kitambaa kinatolewa mjini, na mjini sikutaka jina lake litajwe tena. Tulimfunga katika blanketi ulilomletea. Mchanga wa kwanza aliutupa mtoto wa baba mdogo, mahali pako. Barua yako ya kumjulia hali ilinikuta matangani, nami nikakujibu kwamba mzee anakusalimu sana. Niliandika hayo bila kufuta hata neno moja, na ninajiogopa kwa sababu hiyo.

Kuna lililo baya zaidi. Watu waliniuliza uko wapi. Ningesema hujaarifiwa, wangekupigia simu ya maandishi siku ile ile. Kwa hiyo nilisema nimekupigia, nawe umejibu kwamba kazi za taifa ni nyingi, tuzike tu. Nkwabi alitema mate chini. Ametunga wimbo mwingine sasa, nao unaimbwa kivukoni. Maneno yake sitakuandikia.

Nina hasira, mdogo wangu. Namkasirikia Baba na ng'ombe wake, nawakasirikia wale wawili, na wakati mwingine nakukasirikia wewe, ambaye hukufanya lolote. Wala sijui kama jina lako liliwahi kutajwa kwenye vikao vya Chama huko Dodoma, au lilitajwa na wanaosubiri pantoni tu. Wewe ndiye unayejua. Kama halikutajwa, tafadhali usiniambie.

Njoo umwone Baba. Usiogope tena kwamba watu watajipanga barabarani, hakuna atakayetoka hata mlangoni. Nitakupokea mimi, na nitawaambia mbele yako kwamba niliwadanganya. Sidhani kama wataniamini. Watasema umenituma.

Nisalimie mkeo, na watoto uwabusu. Binti yangu Ng'washi anakuamkia, shikamoo mjomba. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Wilhelmina Ndalahwa