Garimoshi Lililosimama Kwenye Theluji

Mama yako amefaulu mtihani wa uuguzi, baada ya kuanguka mara mbili! Nilimzaa mimi yule, usisahau! Bon, haya, huko Buffalo na baridi yake vipi, mjukuu wangu Neema? Huku Louisville tu wazima.

Umeuliza kama uache masomo kwa kuwa umeanguka mtihani. Juzi kituoni tuliona garimoshi la zamani kwenye theluji, limesimama, linatoa moshi tu. Mjomba wako akacheka: "Mama, hili limekufa!" Nikamjibu: "Nyamaza, linachemsha maji lipate mvuke wa kuondokea." Kule kwetu Kalemie baba yangu alitia kuni kwenye garimoshi kama hilo tangu alfajiri, nasi watoto tukimcheka. Lilipoondoka, tulilikimbiza tusilifikie.

Jiandikishe tena, uje uniambie tarehe ya mtihani. Sote tunakungoja kwa mama yako, Columbus, Jumamosi ya Pasaka.